Picha iko katikati, mbona anti yangu hayuko?

Kuna laini moja ya CSS ambayo imewafanya watu wengi waamini wamemaliza kazi. Ni hii hapa:

background: url(picha.jpg) center / cover no-repeat;

Ukiiandika, picha ya nyuma inajaa ukurasa, inakaa katikati, na haijirudii. Unapiga skrinshoti, unaweka status, unaandika "kazi imeiva." Video nyingi za kufundisha huishia hapo hapo, mwalimu anakuambia usisahau kusabskraibu, kwaheri. Mimi naona kazi inaanzia hapo. Na leo nitaandika kirefu, mnivumilie, kwa sababu laini hiyo nusura ivunje chama cha akina mama tisa, na mmoja wao ni anti yangu.

Kwa wageni hapa: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Ilikuwa karo, na si story ya leo. Lakini kuna kitu kimoja cha huko ambacho bado kinanichekesha. Kwenye mtihani tuliandika kodi kwa biro, kwenye karatasi. (Nasema kodi ya kompyuta, si ya landilodi, ingawa hiyo ya landilodi ndiyo huniamsha asubuhi niandike hiyo ingine.) Swali lilikuwa la kutaja njia tatu za kuweka CSS kwenye ukurasa. Unataja tatu, unapata alama zako, unaenda kununua smokie. Hakuna siku mtu alituuliza: ukiweka picha katikati, nani anakatwa? Na hilo ndilo swali ambalo mteja atakuuliza. Mteja hajali njia tatu.

Tuanze chini kabisa, tusiachane njiani. Picha ya nyuma ni ile inayokaa chini ya maandishi, kama lile pazia lenye maua ambalo wapiga picha wa studio za zamani walikuwa wanakusimamisha mbele yake. Usipoiambia chochote, brauza inaipanga kuanzia kona ya juu kushoto, kwa ukubwa wake wa kuzaliwa, halafu inairudia na kuirudia hadi nafasi ijae, kama tailsi za bafu. Kwa hivyo unaiambia mambo matatu: ikae wapi, iwe kubwa kiasi gani, na iache kujirudia. Laini yetu inasema yote kwa pumzi moja. Neno center ni mahali, cover ni ukubwa, na kile kijistari kilichoinama kati yao kinawatenganisha. Mahali hutangulia, ukubwa hufuata. Ukigeuza, laini yote inakufa.

Na inakufa kimya. Hii ndiyo tabia ya CSS ambayo kila anayeanza lazima aizoee. Lugha zingine za kompyuta ukikosea zinapiga nduru, zinakuandikia maneno mekundu. CSS ikikutana na kitu isichokielewa, inakiruka na kuendelea, kama mama aliyekasirika: hakuambii kitu, ila chakula chako hakiko mezani. Sasa fikiria sisi tuliosomea shule za Kenya, ambapo mwalimu wa Kiingereza alikuchapa ukiandika "center" badala ya "centre", au "color" bila u. CSS inataka tahajia ya Kimarekani. Andika background-position: centre; na picha yako itabaki pale kona ya juu kushoto, bila maelezo. Nimeona mse mzima, mwenye digrii, akitafuta kosa hilo jioni nzima.

Jambo lingine la msingi: picha ya nyuma haina uzito. Haisukumi kitu. Picha ya kawaida ukiiweka kwenye ukurasa inajitengenezea nafasi, lakini ya nyuma inachukua nafasi ya kisanduku ilichopewa. Kama kisanduku hakina maandishi wala kimo, kimo chake ni sifuri, na picha iliyo katikati ya sifuri haionekani. Watu hapa huanza kulaumu jina la faili, wanabadilisha jpg kuwa png, wanazima kompyuta na kuiwasha. Wee, kipe kisanduku kimo. Andika min-height na utaona picha inatokea. Hiyo hiyo ndiyo sababu picha iliyowekwa kwenye body yenye maneno mawili matatu hukaa juu juu badala ya katikati ya skrini: inapimwa kwa kimo cha ukurasa wenyewe, na ukurasa wako ni mfupi. Ipe html min-height ya asilimia 100, maisha yaendelee.

Sasa nije kwa chama.

Anti yangu na wenzake wanane wanapika kwa harusi, matanga na sherehe za dowry, huku Eastlands. Walianza na sufuria mbili za kukopa. Leo wana sufuria zao, hema mbili, viti, na mkokoteni ambao mwenyekiti huuita "gari." Mwaka jana waliamua wawe na tovuti, kwa sababu kamati za harusi siku hizi zinataka linki, si namba tu ya simu. Wakachanga, kila mmoja sawa na mwenzake, wakampata developa mmoja aliyependekezwa na mtoto wa mtu. Picha ikapigwa: akina mama tisa, vitenge vya rangi moja, wamesimama mstari mmoja nyuma ya sufuria zao nje ya ukumbi wa kanisa. Picha safi, na kusema kweli huyo mpiga picha alijua kazi. Developa akaiweka nyuma ya ukurasa wa kwanza, ikiwa center na cover. Akawaonyesha kwa laptopu yake. Wote tisa wako, wanacheka. Akalipwa, akaenda.

Jioni mwenyekiti akatuma linki kwenye grupu ya WhatsApp. Kila mtu akafungua kwa simu yake.

Kwenye simu walikuwa watatu.

Wale wa katikati tu: mwenyekiti, katibu, na mama mmoja ambaye ni rafiki mkubwa wa mwenyekiti. Mweka hazina, aliyesimama mwisho kabisa kushoto, hayuko. Anti yangu, mwisho kabisa kulia, hayuko, na sufuria kubwa kuliko zote pale ni yake. Unajua Kenya hii. Ukikatwa kwenye picha unajua umeshatolewa kwenye kamati, unangoja tu barua. Grupu ikawaka. Mmoja akaandika kwamba tumechanga tisa na wameonekana watatu. Mwenyekiti akajibu kwamba yeye ameona wote tisa kwa macho yake, kwa laptopu, na asiyeona avae miwani. Hilo halikusaidia. Wanachama wawili wakakataa kutoa mchango wa mwezi huo hadi waelezwe, na developa hakuwa anashika simu.

Ndipo anti akanipigia. "Wewe si ulisomea hizi vitu? Kuja Jumapili."

Nilisomea nusu, lakini nikaenda.

Nilipofika, chai ilikuwa tayari na nyuso hazikuwa tayari. Mweka hazina akanipa simu yake kama polisi anayekuonyesha ushahidi. "Kijana, niambie ukweli. Huyu mtu aliambiwa na nani anitoe?"

Nikaomba leso. Anti akatoa moja kabatini. Nikawaambia tuchukulie leso ndiyo picha yenu, nyinyi mko pale kwenye mji wa leso, mmejipanga kutoka pindo hadi pindo. Leso ni pana kuliko urefu wake. Skrini ya laptopu nayo ni pana, ni kama lile dirisha la sebule. Ukitandaza leso pale inakaa vizuri, labda pindo la juu linajificha kidogo. Simu ni mlango. Mwembamba, mrefu. Sasa mimi nimeambiwa nizibe mlango wote kwa hii leso, pasibaki tundu hata moja, na nisiivute upande mmoja mtu akaonekana mnene. Nitafanya nini? Itabidi leso iwe kubwa, kubwa, hadi kimo chake kifike juu ya mlango. Na pande mbili zitatoka nje, zitajificha nyuma ya ukuta. Hiyo ndiyo cover. Kazi yake ni kufunika. Haikuahidi kuonyesha kila kitu.

Mama mmoja akauliza kwa nini basi wasiwekwe katikati wote. Nikamwambia, mama, mko katikati wote. Katikati ya leso iko katikati ya mlango, sawasawa kabisa. Ni mlango ambao hauna nafasi.

"Na ukiacha hiyo ya kufunika?" Hilo lilikuwa swali zuri. Iko njia ingine inaitwa contain: leso inapunguzwa hadi yote iingie mlangoni. Mnaonekana tisa, lakini juu na chini kunabaki nafasi kubwa tupu, na maandishi yenu yanaelea hewani. Wakaangaliana. Mwenyekiti akasema hiyo ni kama kutandika shuka ya mtoto kwa kitanda cha mkubwa.

Nyumbani sikuwapigia hesabu, lakini nyinyi nitawapigia, kwa sababu ukishaiona huwezi kuisahau. Picha yao tuseme ni pikseli 1800 kwa 1200. Simu nyingi za kawaida zinampa brauza nafasi ya upana wa 360 na kimo cha kama 800. Ili cover ijaze kimo cha 800, picha inakuwa 1200 kwa 800. Upana wa picha ni 1200, upana wa mlango ni 360. Unaona asilimia 30 tu. Asilimia 30 ya akina mama tisa ni akina mama 2.7. Basi CSS haikuwa na upendeleo wa mtu yeyote, ilifanya hesabu ya darasa la saba. Ila ukiangalia matokeo, mwenyekiti na marafiki zake ndio waliobaki, kwa sababu kwenye picha za Kenya mwenye cheo husimama katikati na aliyefika amechelewa kwa kuosha sufuria husimama mwisho. Kwa hivyo center si neno lisilo na upande kama tunavyolichukulia. Linachukua mpangilio ambao watu walikuwa nao tayari na linaunyoa pembeni.

Halafu tukaenda kwa asilimia, kwa sababu mweka hazina alikuwa amesikia mahali kwamba picha inaweza kusongeshwa. Inaweza. Badala ya center unaandika namba mbili, ya kwanza ya kushoto na kulia, ya pili ya juu na chini. Center ni sawa na 50% 50%. Watu wengi wanadhani 20% inamaanisha picha inaanza kwenye asilimia 20 ya skrini. Hapana. Inamaanisha ile pointi iliyo asilimia 20 ya picha inakutanishwa na pointi iliyo asilimia 20 ya kisanduku. Brauza inachukua upana wa kisanduku, inatoa upana wa picha, halafu inazidisha kwa asilimia yako. Kwetu ni 360 kutoa 1200, yaani hasi 840. Ukiandika 50%, picha inasogea kushoto pikseli 420, unaona kuanzia 420 hadi 780. Ukiandika 0%, unaona kuanzia 0 hadi 360, na mweka hazina ameingia pamoja na majirani zake wawili. Ukiandika 100%, unaona 840 hadi 1200: anti yangu ndani, mwenyekiti nje.

Nilimfanyia mweka hazina hiyo ya 0% kwenye simu yake, aone tu. Akafurahi sana. Mwenyekiti hakufurahi. Hapo ndipo chumba kizima kilielewa CSS kuliko darasa letu lote la mwaka wa pili: kila namba ina watu wake, na hakuna namba ya watu tisa.

Kitu ambacho wachache husema kuhusu cover, na ambacho kitakuokoa siku moja: kati ya zile namba mbili, kwa kawaida moja tu ndiyo inafanya kazi. Kwenye simu yetu kimo cha picha kilitoshana na kimo cha kisanduku kabisa, kwa hivyo namba ya juu na chini haina la kusongesha. Unaweza kuandika hata 90%, hakuna kitakachobadilika. Kwenye zile laptopu za ex-UK za 1366 kwa 768, inageuka. Picha ile inakuwa 1366 kwa karibu 911, inazidi kimo kwa pikseli 140 na kitu, na sasa ni namba ya kushoto na kulia ambayo imelala. Ukiacha center, nusu ya hiyo ziada inakatwa juu na nusu chini. Kama watu wamesimama karibu na ukingo wa juu wa picha, unakata vilemba. Kwa hivyo ukiona mtu analia kwamba background-position haisikii, muulize anasongesha upande gani. Labda anasukuma mlango ambao hauna bawaba.

Hii vita ya mahali na ukubwa ni ya zamani kuliko mimi. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS mwaka wa 1994 akiwa CERN kule Uswisi, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Background-position ilikuwemo tangu hilo toleo la kwanza. Background-size, yenye cover na contain, haikuwemo. Ilikuja baadaye sana, kwenye CSS3. Watu wa mwanzo walipata kusema "ikae katikati" bila kuweza kusema "ijae." Sisi tulipoanza kujifunza tukakuta vyote viwili tayari, tukavibandika pamoja kwenye laini moja, na tukasahau kuwa ni maamuzi mawili.

Kwa hivyo tulifanya nini? Nilitoa akina mama nyuma kabisa. Huo ndio msimamo wangu na mtu akitaka kubishana nami tubishane: kama mtu lazima aonekane, asiwekwe kwenye picha ya nyuma. Hata jina linakuambia. Picha ya nyuma ni ya vitu ambavyo vikikatwa hakuna mtu atakosa usingizi: mawingu, ukuta, kitambaa, majani, mchele. Mtu anastahili tagi yake ya img, mbele, na maelezo yake ya alt. Hiyo alt si mapambo. Kipofu anayetumia programu ya kusoma skrini husomewa alt. Picha ya nyuma ya CSS haina mahali pa kuandikwa alt, kwa hivyo kwake haiko. Tena kamati ikiamua kuprinti ukurasa, na za harusi hupenda sana karatasi, brauza nyingi huacha picha za nyuma zisipochaguliwa, karatasi inatoka nyeupe.

Lakini nikiweka ile picha ya mstari mmoja kama img kwenye simu, inakuwa 360 kwa 240. Wote tisa wako, sawa, ila kila mmoja ana upana wa pikseli kama 40. Unahesabu vichwa, huoni sura. Nikawaeleza hivyo, nikijua siku imekwisha na nitakula tu niende. Mwenyekiti, yule yule, ndiye aliyesema: "Kwani lazima tusimame mstari? Si tupigwe tena, tatu tatu tatu?"

Manze. Developa wote, mimi nikiwemo, tunakaa tukipigana na namba, na mama anayepika pilau ya watu mia nne anaona kwamba picha yenyewe inaweza kubadilika. Safu tatu za watu watatu ni picha ya mraba. Kwenye simu inakaa 360 kwa 360, na kila mtu anapata nafasi ya kama 120, mara tatu ya ile ya kwanza. Ikapigwa Jumapili iliyofuata. Kulikuwa na mjadala wa nani akae safu ya mbele, sitauingilia, ila nitasema tu kwamba anti yangu yuko mbele. Laptopu inapewa picha ya mstari, simu inapewa ya safu tatu, na tagi ya picture pamoja na source zake ndiyo inachagua kulingana na upana. Kwenye alt nikaandika majina yote tisa, kwa mpangilio wa kusimama. Mweka hazina aliyakagua moja moja, akarekebisha tahajia ya jina lake.

Na nyuma ya ukurasa tukaweka sufuria ya pilau, ikifuka moshi. Hapo sasa cover ikae raha mustarehe. Sufuria ilikuwa upande wa kulia wa picha, kwa hivyo kwa simu niliandika 70% 50% badala ya center, ili isikatwe ikaonekana kama ukuta wa bati. Juu ya picha nikaweka kivuli cheusi chenye uwazi, kwa linear-gradient, kwa sababu maandishi meupe juu ya wali hayasomeki. Huhitaji kufungua programu ya kuhariri picha, unaandika tu kivuli kwanza, koma, halafu picha:

background: linear-gradient(rgba(0,0,0,0.5), rgba(0,0,0,0.5)), url(pilau.webp) 70% 50% / cover no-repeat;

Kilichotangulia kwenye orodha ndicho kinakaa juu.

Vitu viwili vya simu kabla sijamaliza. Kwanza kimo. Ukiandika 100vh ili picha ijaze skrini, kwenye simu inapimwa kana kwamba ile bar ya anwani ya brauza imejificha. Ikiwa bado ipo, sehemu ya chini ya kisanduku iko nje ya macho, na kitufe chako cha "Tupigie" kiko huko huko. Tumia 100svh, hiyo inapima skrini ikiwa na bar yake. Na hiyo background-attachment: fixed, ile inayofanya picha isimame huku maandishi yakipita juu yake, usiitegemee. Safari ya iPhone imesumbua nayo miaka na miaka.

Pili uzito. Ile picha ya kwanza ilikuwa imetolewa kwenye kamera na kupandishwa vile vile, zaidi ya megabaiti 6. Mtu amenunua bando ya saa moja aangalie bei ya pilau, wewe unamwagia megabaiti 6 ili aone theluthi ya picha. Cover haipunguzi faili. Zile sehemu zilizofichwa nyuma ya ukuta amezilipia pia. Niliipunguza upana, nikaihifadhi kama WebP, ikawa chini ya kilobaiti 200, na hakuna mama aliyeona tofauti. Kumbuka pia kwamba picha ya nyuma huchelewa kujulikana: brauza kwanza ipakue CSS, iisome, ndipo igundue kuna picha ya kuitisha. Img inaonekana mapema zaidi kwenye HTML. Hiyo ni sababu ingine ya kuwaweka watu mbele.

Michango ilirudi mwezi uliofuata, na nilalipwa elfu tatu na sufuria ndogo ya pilau, na sitasema nilifurahia ipi zaidi. Wiki iliyopita mwenyekiti alinipigia tena. Biashara imepanda, wamechukua mwanachama mpya, mama mmoja anayejua keki. Sasa wako kumi. Safu tatu za watu watatu zimekwisha, na kumi kwenye mraba haikai. Nimewaambia watano watano, anti anasema hapana, hiyo inarudisha watu pembeni. Picha inapigwa Jumapili baada ya ibada. Mama wa keki mwenyewe amesema yuko sawa kusimama popote, na mweka hazina akamjibu, "Hapana. Kwetu hakuna popote."